Kiu ya Kunde za Mama

Jumatatu, 6 Januari

Nisipoandika nitapasuka. Mjukuu wangu anaziua kunde za marehemu mama yangu! Misimu miwili ya jua kali ilizimaliza shambani, zikabaki mbegu za mkebe mmoja tu, nilizozichanganya na majivu zisibunguliwe. Nikampa apande kwenye kibanda chake cha nailoni nyuma ya jiko. Nikabakiza konzi moja. Nilidhani atazizalisha. Kumbe anazinyima maji. Makusudi! Majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa, naye anapima, anaandika, anatabasamu. Elimu ya kutesa hii.

Jumanne, 7 Januari

Nimemwuliza. Kasema, Bibi, zikinywa zote zinapendeza, hutajua ipi ni ipi. Uvumilivu umo ndani ya mbegu, unarithiwa, kama hii pua yetu. Zile za dukani maganda marefu, lakini joto likizidi unga wa ua unakufa, maua yanapukutika. Hilo kweli — mwaka jana nilivuna majani matupu. Zitakazoshika maua kwenye joto atazifungisha ndoa na za dukani, watoto warithi huku na huku. Nikamwambia, mke mwenzangu, wewe mwenyewe hujaolewa, unahangaikia harusi za kunde! Kacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Januari

Kaenda kituoni kwao, kwenye utafiti. Jua linaliza mabati. Nimechungulia: mstari wa mama umeinamisha shingo. Mkamwana wangu kasema, "Mama, usiingie humo." Nisiingie! Kiwanjani kwangu! Nimechukua ndoo. Nimenywesha mstari huo tu. Hiyo mingine sina undugu nayo.

Jumapili, 12 Januari

Kaona. Kipofu angeona, mstari mmoja umechangamka kama bibi harusi! Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema mstari ulionyweshwa haupimiki tena, mkubwa wake wa kituoni atauondoa, kunde za mama hazitaingia kwenye uzao mpya. Nikasema basi, nachukua zangu. Nikazing'oa moja moja, jua la saa saba, nikazihamishia kando ya jiko. Kunde hazipendi kuhamishwa, nani hajui? Lakini nilikuwa nimeshashika jembe.

Jumatano, 15 Januari

Zimekufa zote.

Mkamwana kazifagia tu. Ufagio wake una mdomo kuliko yeye. Nimetoa ile konzi ya mwisho nikaibwaga mezani mbele ya mjukuu. Panda. Na usiniangalie hivyo! Akauliza, "Bibi, una hakika?" Ningekuwa na hakika ningepiga meza?

Jumamosi, 22 Februari

Mvua hakuna. Zile mpya aliziotesha vizuri, kisha maji akakata. Zimelegea tena. Nimepita pale nikiangalia upande wa pili, kama anayekwepa mdai. Vitumba vimetoka. Maua yakishika, mama kaingia kwenye uzao. Yakipukutika, mbegu yake imekwisha duniani, hakuna konzi nyingine.

Naye mjukuu kaitwa kituoni! Kaniachia ufunguo wa kibanda. Mimi! "Bibi, nakuamini." Matusi makubwa kuliko hayo sijapata kusikia. Nimempa mkamwana ndoo, nikamwambia aifiche nisijue iko wapi.

Jumapili, 23 Februari

Ua moja limefunguka. Zambarau, na koo jeupe, lile lile la mama. Jingine liko chini, limekauka. Asubuhi tu na nailoni inaunguza mkono.

Nimemwuliza mkamwana kwa upole, ndoo iko wapi, nataka kufua. Kasema, "Mama, leo hufui." Jeuri! Nimempa mwanangu mke, kumbe nimejiletea askari. Nimetafuta chini ya kitanda, nyuma ya kuni. Sufuria nazo kaficha. Hata birika! Nimemwita mchawi. Kajibu, "Ndiyo, Mama," akaendelea kuchambua mchele.

Nimeketi ndani ya kibanda. Ua bado limeshika. Jani lililo chini yake limejikunja kabisa. Nimelitukana. Nimemtukana na mjukuu, na jua, na mama naye, kwa kuniachia mzigo huu.

Bado limeshika.

Kikombe changu cha maji ya kumezea dawa kiko hapa miguuni, nusu. Hicho mkamwana kakisahau —