Wambeti Wawili kwenye Skrini

Mutugi uko?

Ile programu ya mti wa ukoo niliyounda nikakuonyesha chuoni, leo nimeifungua kwa TV mbele ya familia yote hapa Ishiara. Nyanya yetu, Shosho Wambeti, tulimzika Jumamosi.

Unakumbuka ulinikataza vile nilimuunganisha na mjukuu aliyepewa jina lake? Ulisema niunde watu wawili tofauti, jina liwe kiungo tu kati yao. Mimi nikamfanya mtoto awe sehemu ya shosho, maana huku nyumbani wanasema huyo mtoto ni shosho mwenyewe.

Sasa mjomba akaniambia nimweke shosho kama marehemu. Nikabonyeza. Majina mawili yakageuka kijivu. Mawili, Mutugi. Marehemu, na chini yake marehemu.

Joyline, mamake mtoto, akauliza polepole, "Huyo wa chini ni nani?"

Nikaanza kurekebisha hapo hapo.

Nimewatenganisha kwa dakika tano. Programu iko sawa sasa, mtoto anaonyesha yuko hai. Lakini walikuwa wameshaona.

Na mtoto mwenyewe ana miaka saba, anajua kusoma. Amenifuata hadi jikoni, akanishika sketi. "Anti, bado naweza kwenda kucheza?"