Uvimbe Uliokuwa Ukifoka Ndani ya Mama

Nyumbani, ghorofani
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu nyingi. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya huko? Sisi tu wazima, na hilo nalitanguliza makusudi, maana haya mengine ni mazito.

Mama alipasuliwa Jumatano. Tulia, yu hai; amekaa kitandani anakosoa mwandiko wangu.

Unamjua wifi yako alivyokuwa: ghafla rangi inamtoka, jasho chapachapa, moyo mbio, kisha anamfokea yeyote, hata cherehani. Sisi tukasema ni hasira zake, Baba akasema ni umri. Mwezi uliopita akaanguka akimpima mteja kiuno. Hospitalini, muuguzi alipoona presha yake alibadilisha mashine, akidhani ni mbovu.

Daktari mpasuaji, mama mmoja mfupi wa sauti ya chini, akatuonyesha picha. Juu ya figo la kushoto kuna tezi, imekaa kama kofia, na ndani yake uvimbe usiozidi zabibu.

"Huyu ndiye anayefoka," akasema. "Anamwaga homoni kwenye damu, mwili unadhani unafukuzwa."

Shangazi, zabibu!

Walimpa kwanza dawa za kutuliza presha, wiki kadhaa, kwani kuugusa uvimbe ule hivihivi kungeweza kumuua. Hata hivyo, Jumatano walipoukaribia presha ilipaa, wakasimamisha kila kitu wakasubiri ishuke.

Nilitegemea kuona mshono toka kifuani hadi kiunoni. Nikafunua shuka: plasta nne ndogo ubavuni!

"Mbona hamkumpasua?" nikapiga kelele.

Muuguzi akacheka. "Tumeshamaliza, kaka. Tumepita kwenye vitundu, kamera ikiongoza."

Jana alimwaga chai kitandani. Sote tukajikunyata. Akaomba kitambaa, basi! Baba alitoka nje akalia.

Jioni Mama akaniita. "Mwandikie wifi yangu. Siku ile nilipomfukuza jikoni mbele ya wageni, akaondoka bila kuaga, muulize: aliyemfukuza ni mimi au ni uvimbe? Maana mimi mwenyewe sijui."

Jibu labda unalo wewe. Mpigie.

Kaka yako anakusalimu, na dada zangu pia. Wasalimie binamu zangu. Mungu akutunze hadi tuonane.

Mimi mwanao, nikupendaye bila kuchoka,
Kifungua Mimba