Mama, Siri Yako Nimeitoa

Mama yangu mpenzi,

Nimeolewa! Najua shangazi alikuja kaburini kukupa habari, lakini nataka uisikie kwangu. Nimeolewa na Masanja, yule yule wa Igunga uliyesema ana macho ya mtu asiyejua kudanganya. Hajui kweli. Ananiita "mke wangu" hata akiomba chumvi. Asubuhi akienda dukani kwake anageuka kunipungia mkono, anatembea kidogo, anageuka tena, mpaka majirani wanatucheka. Acha wacheke. Nina furaha mpaka naona haya.

Ila leo nimekuja kuungama. Siri yako nimeitoa.

Nilikuwa kidato cha pili, pale nyumbani Cheyo. Tangu umzae mdogo wangu, ukicheka mkojo unakutoka, ukikohoa unakutoka. Uliacha kwaya ukasema sauti imeisha. Mchana ukaacha hata kunywa maji. Mimi nilijua, kwa kuwa khanga zako nilizianua mimi. Halafu nesi wa kliniki akakuelekeza kwa dada mmoja wa fiziotherapia hospitalini, ukanichukua nikusindikize, na njiani ukanionya: "Ukimwambia mtu yeyote, hata shangazi yako, mimi si mama yako."

Yule dada alikufundisha kubana misuli ya chini, kama mtu anayezuia mkojo na upepo wa tumboni kwa pamoja, kuivuta juu, kuhesabu mpaka tano, kisha kuiachia yote. Akasema na maji unywe, maana mkojo mzito unakichokoza kibofu. Nyumbani nikawa mhesabuji wako. Mwanzoni ulibana kila kitu, meno, mabega, hata pumzi, uso umekukunjamana kama unainua gunia la mpunga. Nikakwambia, "Mama, dada kasema usoni ulegee!" Tukacheka, mkojo ukakutoka, ukanifukuza na mwiko. Lakini hukuacha. Miezi mitatu na zaidi, kila siku. Jumapili uliyorudi kwaya ukaishika ile sauti ya juu mpaka mwisho, nilitoka kanisani natembea kama binti wa mtemi.

Sasa sikiliza. Siku ya harusi yangu, ulipofika wakati wa kutunza, wanawake wa Igunga walikuja mbele wakiserebuka na vitenge na masufuria. Mama mkwe hakucheza. Alibaki kwenye kiti karibu na mlango, zawadi yake akampa wifi ailete. Shangazi akaninong'oneza, "Huyo hajakupenda. Utaniambia." Kwenye picha natabasamu, Mama, lakini moyo ulikuwa umepasuka. Nitakaaje nyumba moja na mtu asiyenitaka?

Wiki ya pili Igunga nikaanza kuona. Chai anaigusa kwa midomo tu. Kila anapokaa anatandika khanga iliyokunjwa mara nne. Akitaka kukohoa, anakaza miguu kwanza. Mama, nilikuona wewe! Nikaona aibu kwa yote niliyomfikiria.

Lakini mkwe utamwambiaje mambo ya mwilini? Hata jina lake silitaji. Nilihangaika siku tatu. Mwishowe, tuko wawili tu uani tunapepeta mchele, nikaanza kusimulia habari zako. Sikumtazama. Sikumwambia "wewe" hata mara moja. Nikasema mama yangu alikuwa hivi, akaenda hospitali, akafundishwa hivi, akapona. Ungo wake ukasimama. Nikajua ndoa yangu nimeiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kisha akauliza, macho kwenye mchele, "Na huyo mama yako, alikuwa anabana mpaka ngapi?"

"Mpaka tano, mama."

"Hm," akasema. Akapepeta. "Na kubana huko hakukumuumiza?"

Hospitali tulikwenda pamoja. Nilimwambia Masanja ni mambo ya wanawake, akajibu, "Mimi dereva tu," akatusubiri nje saa nzima. Nampenda huyu mtu! Mtaalamu akampima mama mkwe, akampangia mazoezi yanayomfaa yeye. Mimi nikahesabu, kila siku, mwezi baada ya mwezi.

Jana alikuwa anakaanga pilipili. Akapiga chafya. Ya pili. Ya tatu. Nikaganda mlangoni. Yeye akatulia, kidole juu, kama anayesikiliza mvua inayokuja kwa mbali. Halafu akapiga kigelegele peke yake jikoni. "Hakuna! Hata tone!" Akanikumbatia, akalia, akaniambia siku ya harusi alitamani kucheza mpaka akarudi nyumbani akalia. "Wabeja, mwanangu," akasema. Asante, mwanangu. "Mama yako alikuwa mwanamke kwelikweli."

Na hajanyamaza. Wifi yangu amejifungua juzijuzi, na leo asubuhi nimemsikia mama mkwe chumbani kwa mzazi: "Mama yake Pendo, wa kule Cheyo, alikuwa na shida kama hii, nawe usiifiche..." Nilisimama na beseni la maji mkononi, nikashindwa kuingia. Jina lako linatembea Igunga, Mama, na linatembea limeinua kichwa.

Kama umekasirika, nikasirikie, nitavumilia. Lakini sitaacha kukusimulia. Nikijaliwa binti, nitamfundisha mwili wake mchana kweupe, na nitaanza na habari zako.

Pumzika, Mama. Najivunia kuzaliwa na wewe.

Mwanao,
Pendo