Daktari Alimwita Zuhura Nje

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko haifiki posta, lakini hapa Temeke sina wa kuniambia ukweli, basi nakuandikia wewe.

Unakumbuka barua yangu ya Bulgaria, kiwanda kiliponipeleka kujifunza mashine za kufuma? Nilianguka kazini, tumbo limekaza kama ubao. Gari la wagonjwa lilifika upesi. Chumba cha dharura kilikuwa safi, dawa zote zipo, ila hakuna ndugu hata wa kunishika mkono. Daktari alinichorea utumbo kwenye karatasi, akataka mkalimani aniambie mimi mwenyewe: umetoboka, tukichelewa unakufa. Nililia kwa upweke. Uliposomewa barua hiyo ulinijibu kwa hasira: "Daktari gani huyo anamtamkia mtoto wa mwenzie kifo? Hana mama?" Nilicheka mpaka nyuzi za upasuaji zikauma, nikakubaliana nawe kwamba wale watu hawana utu.

Ijumaa nimeanguka tena, safari hii kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika. Nilitapika damu. Balozi wetu wa nyumba kumi alisimamisha pikapu ya mkaa, nikalazwa juu ya magunia. Hospitalini wagonjwa wenyewe walinipisha mbele. Shuka tulikwenda nayo, dawa nyingine tuliambiwa hazipo, lakini Zuhura, kitindamimba wako, alinipakata kichwa njia nzima. Nikajisemea, afadhali kuugua kwetu.

Kisha daktari akamaliza kunibonyeza tumbo, na hakunitazama. Akauliza, "Ndugu wa mgonjwa nani?" Akatoka na Zuhura, mlango ukafungwa. Zuhura aliporudi alikuwa amenawa uso.

Tangu hapo naogopa wema wa watu. Mjomba Mfaume, tuliyenuniana naye tangu kugawana minazi yako, amekuja kutoka Kilwa, kanishika mkono: "Tusameheane, mpwa wangu." Mtani wangu Komba, ambaye hajawahi kunipita bila tusi, jana alikaa mkekani akaniita kaka. Nikamtukana kusudi, nimchokoze. Aliinamisha kichwa tu. Nikisema nina hamu ya pweza, pweza anapatikana siku hiyohiyo, katika mji ambao hata sabuni ni ya kutafuta. Mama, namtamani yule daktari wa Bulgaria na karatasi yake.

Leo asubuhi nilimbana Zuhura.

"Daktari alikwambia nini?"

"Malaria tu, kaka, imekupanda. Utapona." Akatabasamu, akaanza kukunja kanga zilizokwisha kukunjwa.

Sikumgombeza. Ningeanzaje? Ulipougua wewe, niliyeitwa nje ni mimi. Daktari aliniambia wiki mbili, zikizidi tatu. Nikaingia na tabasamu hilohilo, nikakuambia ni malaria. Ukasema, "Alhamdulillahi," ukanipigapiga mkono kana kwamba anayeugua ni mimi. Sasa nimeelewa kwamba ulikuwa unajua. Nisamehe, mama, nilikuacha ujue peke yako.

Mwanao wa kwanza