Tanga Halitaki Mpiga Kafi

Jumatatu, 3 Juni
Bega limeamka vibaya tena. Mama Neema amelisugua na mafuta ya mawese ya moto kabla ya kwenda shambani. Mke wangu si wa maneno mengi, lakini leo amesema mkono huu hautapiga kafi tena. Najua. Leo nimevuka mto Lualaba mara moja tu, na abiria watatu na magunia mawili ya mpunga, na Amisi akafanya kazi ya watu wawili. Miaka ishirini tunavusha watu pamoja, yeye mbele, mimi nyuma. Leo alihema njia nzima. Hakulalamika. Naona haya.

Mchana upepo wa kiangazi ulipanda mto, ukasukuma magugu ya maji kwenda juu. Unapita bure kila siku.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikwenda Kasongo mjini. Bwana Sefu, mwenye duka la vitambaa, alinionyesha picha kwenye simu. Mtumbwi kama wetu, wa watu wa pwani. Una tanga, na kila upande gogo jembamba linaloelea, limeshikwa na miti miwili iliyokatiza juu ya mtumbwi. Wanauita ngalawa. Magogo yale ndiyo yanayouzuia kupinduka. Nimeuchora kwenye kaye hii ninayoandikia. Magogo nimeyaita mabawa.

Jioni nikawaonyesha watu wa kivukoni. Nikajisifu: tanga halitaki mpiga kafi, mutu moja atatosha kuvusha hata pikipiki. Walicheka sana. Amisi pia, nadhani.

Jumamosi, 15 Juni
Mabawa tayari. Amisi ndiye aliyejua mti mwepesi uko wapi msituni. Aliukata, akauchonga kwa tezo siku tano. Mimi nilishika tu. Mtumbwi ni wangu, niliachiwa na baba, lakini kazi ni ya mikono yake. Mama Neema anashona tanga kwa shitingi ya bluu, turubai la plastiki lililofunika jiko letu. Mvua ikirudi tutapikia wapi, sijui.

Nina furaha. Miezi mingi sikuandika neno hilo.

Jumatatu, 24 Juni
Tumejaribu. Mimi na Amisi tu, nyuma ya kisiwa, ili tusichekwe. Upepo ulishika tanga, mtumbwi ukaruka mbele, Amisi akapiga kelele kama mtoto. Halafu bawa la kushoto likang'oka. Mimi ndiye niliyefunga kamba zile, kwa mkono huu mbovu. Maji yalijaa mpaka magoti. Niliteleza, Amisi akanikamata shati. Tukashusha tanga, tukachota maji kwa sufuria mpaka basi.

Tumekubaliana tusimwambie mtu mpaka tutengeneze. Hata Mama Neema hajui.

Jumanne, 2 Julai
Shefu wa kivuko, yule anayesimamia mitumbwi yote ya hapa, ameniita. Amekataza. Nitoe mlingoti na mabawa kabla ya Jumatatu, la sivyo mtumbwi utafungwa mnyororo. Nikauliza sababu. Akanipa barua nisome. Haina jina chini. "Mussafiri anataka kuuwa watu. Bawa iling'oka nyuma ya kisiwa, maji ikajaa mpaka magoti."

Tulikuwa wawili.

Na mwandiko naujua. Mimi ndiye niliyemfundisha Amisi kuandika, tukisubiri abiria, kwa mkaa juu ya ubao. Jina langu huliandika kwa s mbili. Nimemsahihisha mara ngapi.

Nilirudisha barua, nikasema asante, shefu. Asante ya nini?

Jumatano, 3 Julai
Sikula. Mama Neema aliuliza, nikasema tumbo. Kivukoni Amisi alinisalimia kama kawaida, akauliza habari ya bega. Akauliza bega! Nilitaka kumpiga kwa mkono uliobaki mzima.

Afadhali angeniacha nizame siku ile.

Alhamisi, 4 Julai
Nimekwenda kwake. Walikuwa wanachambua maharagwe uani, yeye na mke wake. Mke aliniangalia usoni, akaingia ndani.

"Ile barua ya kwa shefu ni ya nani?"

Hakukana. Hilo liliniuma zaidi.

"Ni yangu."

"Nilikukosea nini, Amisi?"

"Ulisema mutu moja atatosha. Mbele ya watu wote. Niko na watoto sita, ndugu yangu, na kazi ingine sijui. Ulitaka nichonge mti wa kunifukuza?"

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniuliza."

Nilisema sikuwa na nia ya kumuacha. Akaniuliza nafasi yake ingekuwa wapi ndani ya mtumbwi ule. Sikuwahi kufikiria hilo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na hapa hakuna anayesoma.

Lakini angenitukana usoni, ningevumilia. Yeye alichukua siri yetu akaipeleka kwa shefu, halafu akarudi kunisalimia. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 6 Julai
Nimemwambia Mama Neema yote. Kisha akauliza kamba ziko wapi. Tumefunga mabawa upya, yeye akivuta, mimi nikielekeza. Alikata mipira ya ndani ya baiskeli vipande virefu, akazungusha juu ya kamba, jinsi anavyofunga mizigo ya muhogo. Sasa hakitikisiki kitu.

Nimemwomba shefu aone kwa macho yake kabla ya kufunga mnyororo. Amekubali, Jumatatu mchana. Amisi anapita njia ya juu siku hizi, tusikutane.

Jumatatu, 8 Julai
Watu walijaa ukingoni. Shefu alipanda mwenyewe juu ya bawa, akaruka-ruka na viatu vyake. Mtumbwi ulikaa. Tukatoka, Mama Neema kwenye kamba ya tanga, mimi nyuma na kafi la kuongozea tu. Ng'ambo tulimpakia mtu wa pikipiki anayekwenda Kabambare, asiyejua lolote la ugomvi wetu. Aliegemeza pikipiki katikati, akashika usukani wake mto mzima kama yeye ndiye anayeendesha. Hatukuingiza maji hata kikombe.

Shefu ameruhusu. Sharti moja: wingu la mvua likionekana, tanga lishuke.

Watu walipiga makofi. Amisi alikuwa nyuma yao, mikono mfukoni. Mabawa aliyochonga yalikata maji vizuri sana. Hata hilo lilinikasirisha.

Jumatano, 17 Julai
Kazi iko. Pikipiki tatu leo. Mama Neema amerudi shambani, kamba ya tanga naifunga kwenye kigingi karibu na mguu. Kweli mtu mmoja anatosha. Amisi ameacha mto, analima. Sijamsamehe. Pia sina wa kuzungumza naye majini, na mto ni mpana.

Jumapili, 28 Julai
Upepo mdogo. Mama Neema alikuwa kanisani. Amisi alikuja kivukoni amevaa kanzu nyeupe, shemeji yake amefariki ng'ambo. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imetoka. Alisimama kidogo. Nilisogeza mtumbwi karibu, akaingia.

Alikaa mbele, mahali pake, akanipa mgongo. Hakuwa na kafi. Mikono yake haikujua ikae wapi. Aliiweka magotini, akaiweka ukingoni, akairudisha magotini. Tukafika mchanga wa ng'ambo.

Nikamwambia pole na msiba. Akaitika. Alishuka, akainua kanzu isilowe, akasema atarudi kesho baada ya mazishi.

Nilimwambia upepo unaanza saa saba, nitakuwa hapa.