Asiyerudi Amepona

Mwenzio leo nimejimaliza. Kwenye kikao cha utafiti wetu wa walevi, mbele ya wafadhili!

Profesa katangaza, "Tisini kati ya mia wameacha pombe!" Makofi.

Mimi mtakwimu wake nikauliza, "Na wale arobaini ambao hawakurudi kliniki?"

"Binti yangu, asiyerudi amepona. Angeumwa angerudi."

ASIYERUDI AMEPONA. Miaka kumi na miwili nasomea takwimu, kumbe dawa ni kupotea tu!

Akatabasamu. "Na barua yako ya kupandishwa cheo bado iko mezani kwangu."

Basi mdomo ukaniponza. "Profesa, kaka yangu ni mmoja wa hao arobaini, nilimwandikisha mwenyewe. Kapona kabisa, yuko sakafuni kwangu tangu asubuhi. Karibu umpongeze, akizinduka."