Usinipigie, Daktari Atapiga

Maneromango, 20 Aprili 2024

Mwanangu Shamsia,

Salaam nyingi. Natumai hapo Kongowe hamjambo nyote na shule inaendelea salama. Huku mimi ni mzima, mashaka ni kwako uliye mbali.

Juzi ulinipigia nikakata, ukanuna. Usinune, mama. Ile zahanati ya mjini Kisarawe siku hizi huendi tu ukakaa kwenye benchi. Unapiga simu asubuhi, msichana wa mapokezi, Flora, anaandika jina lako na kinachokusumbua, halafu daktari mwenyewe anakupigia. Yeye ndiye anayeamua kama uende, ununue dawa, au utulie nyumbani. Kwa barabara yetu wakati wa masika, nimelipenda hilo. Ila hawasemi atapiga saa ngapi, kwa hiyo simu yangu sasa ni ya daktari. Wewe niandikie, Twalibu atanipa barua akija na lori lake kuchukua mihogo.

Flora nilimwambia ni uchovu tu. Mtoto mdogo yule, nimweleze miguu yangu ya nini? Daktari naye amekwisha kupiga. Ana upole huyo! "Shikamoo bibi, unaendeleaje?" Nikamwambia sijambo, namshukuru Mungu, nikamuuliza wazazi wake. Tukaongea vizuri. Akasema kama ni hivyo nitulie, nikiona shida nipige tena.

Miguu bado imevimba, kandambili haziingii. Nikilala chali pumzi inakata, basi nasinzia kwenye kiti. Nikisinzia naona nyumba inaelea juu ya maji, polepole, na baba yako anakuja kwa mbali, suruali kaikunja. Ni vizuri sana.

Mama yako

Kongowe, Kibaha, 27 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila tangu nisome barua yako sina raha.

Mama, ulimwambia daktari hujambo! Yeye hakuoni. Simu ikilia, ujue umeshaingia chumbani kwake. Akiuliza unaendeleaje hakusalimii, anakupima, na hiyo sijambo yako ndiyo aliyoiandika. Piga tena kesho. Anza na miguu, anza na pumzi, wazazi wake wasubiri. Baba ameshatutoka. Na wewe ukituacha nitakuwa mtoto wa nani?

Mwanao, Shamsia

Maneromango, 5 Mei 2024

Shamsia mwanangu,

Marahaba. Hali yangu ni ile ile, na sukari uliyonitumia nimeipata, ahsante.

Nilipiga, naye akapiga. Lakini mtu kakuamkia, unaanzaje na miguu? Nikaitikia, nikamuuliza nyumbani kwake, na yeye akaniuliza, "Unalala vizuri, bibi?" Nikasema nalala. Si uongo, nalala, ila nimekaa.

Nikuambie ukweli, usinikasirikie. Si adabu peke yake. Baba yako sasa anafika mpaka barazani. Jana alikaa karibu nami, maji yakitugusa vidole, tukaitazama mikorosho ikipita. Nikimweleza daktari atanipa dawa, na baba yako hatakuja. Miaka yote hii sijamwona, Shamsia. Niache kidogo.

Mama yako

Kongowe, 8 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, Twalibu yuko mlangoni.

Leo nimeipigia zahanati mwenyewe. Flora akasema daktari hazungumzi habari za mgonjwa na mtu mwingine. Nikamwambia basi asizungumze, asikilize. Daktari aliponipigia nikamsomea barua zako zote mbili, mpaka maji na baba. Nilidhani atacheka. Badala yake akauliza maji yanafika wapi.

Atakupigia, huenda hata kabla barua hii haijafika. Nisamehe kwa kumpa mgeni mambo ya nyumbani kwetu. Mwambie yote, mama, nakuomba. Nikipata ruhusa kesho nakuja.

Mwanao, Shamsia

Wodini, Kisarawe, 14 Mei 2024

Mwanangu mpenzi,

Natumai ulifika nyumbani salama. Ulipokuwa hapa umenishika mkono nilishindwa kukuambia haya kwa mdomo.

Siku ile daktari alipopiga hakuniuliza naendeleaje. Alisema, "Bibi, nisimulie unachokiona ukisinzia." Nikamsimulia taratibu, hakunikatiza hata mara moja. Nikamweleza na miguu, na pumzi. Nilipomaliza akasema, "Bibi, hayo maji yamo mwilini mwako. Moyo umechoka, na yakipanda zaidi yatakuzamisha. Hili si la simu tena." Akaagiza gari lije kunichukua.

Dawa zao zinanipeleka chooni mpaka naona haya, lakini miguu imenywea na pumzi zimerudi. Nalala chali kama msichana. Usingizi wenyewe mzito, hauna kitu ndani.

Leo asubuhi daktari kapita, kaniuliza kama bado naota. Nikasema hapana. Akafurahi, akasema huko ndiko kupona. Alipoondoka nikajifunika shuka nikalia.

Baba yako hakuniaga. Nilijua nikisema hatarudi, na nikasema, kwa sababu wewe ndiye uliye hai. Njoo Jumamosi ukae karibu yangu kidogo.

Mama yako